Lugha Isifanywe Chekeche: Kutoka Nduta Hadi Visiwani



Karatasi hii mmezoea kuisoma kwa khabari za bei ya karafuu, za daftari la wapiga kura na za mikutano ya matawi yetu. Leo tunaomba ruhusa ya kuwavusha bahari na kuwapeleka mbali, hadi nyanda za juu za Kigoma, kwenye wilaya ya Kibondo, mahali panapoitwa Nduta. Tunajua mtu atauliza: Nduta ina nini na sisi? Huko hakuna mnazi wala mkarafuu, na watu wake hawakuwahi kuiona bahari yetu. Tunamwomba muulizaji huyo astahamili kidogo. Tutakalolisema juu ya Nduta ndilo linalotendeka ndani ya madarasa yetu ya Unguja na Pemba, tofauti ni kuwa kule linaonekana wazi zaidi.

Jambo lenyewe ni mtihani wa Kiingereza: sarufi yake, na kile kinachoitwa ufahamu, yaani kusoma kifungu cha khabari na kujibu maswali. Wazee wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo, la watoto na walimu wao. Sisi tunasema si dogo. Kwenye karatasi hiyo moja huamuliwa nani ataendelea na masomo na nani atarudi nyumbani, na mara nyingi huamuliwa kwa namna isiyo ya haki.

Nduta ni mahali palipowekwa kambi ya wakimbizi. Katika miaka ya 1990 iliwapokea Warundi waliokimbia vita vya kwao, kisha ikafungwa. Mwezi wa Oktoba 2015, baada ya machafuko mapya ya Burundi, ikafunguliwa tena, na katika muda usiofika miaka miwili ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Katika hao watoto walikuwa wengi mno. Skuli zilianza kabla ya majengo. Madarasa yakawekwa chini ya miti, ubao ukaegemezwa shinani, na mvua ikinyesha somo limekwisha. Walimu walikuwa wakimbizi vile vile, wakipewa posho ndogo isiyofaa kuitwa mshahara.

Sisi watu wa visiwani hatuna ruhusa ya kuyatazama hayo kama mambo ya wageni. Mwaka 2001, baada ya yale ya mwezi wa Januari yasiyohitaji kusimuliwa hapa, watu wapatao 2,000 wa visiwa hivi walivuka bahari wakafika Shimoni, Kenya, na baadhi yao wakapelekwa kambini Dadaab. Nao walikuwa na watoto wa skuli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sisi njaa hiyo tumeionja.

Sasa tuangalie mtoto wa Nduta alifundishwa nini. Kwa shauri la Serikali na mashirika ya wakimbizi, watoto wa kambini walifuata masomo ya nchi walikotoka, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Kwa hiyo mtoto wa Kirundi pale Nduta alisoma masomo ya Burundi: madarasa ya mwanzo kwa Kirundi, kisha Kifaransa kikashika nafasi yake. Kiingereza na Kiswahili vilikuwa masomo ya kando, na somo lolote lililo kwenye ratiba mwishowe hutahiniwa. Jirani yake kule Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alifuata masomo ya Kongo. Na mtoto wa Kibondo, Mtanzania aliyekaa nje ya mpaka wa kambi, alisoma kwa Kiswahili skuli ya msingi, kisha akaingia Kidato cha Kwanza akakuta kila kitabu, isipokuwa cha Kiswahili, kimeandikwa kwa Kiingereza.

Tazameni ajabu hii. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Mtoto wa Kirundi na mtoto wa Kiha wakikutana kisimani huzungumza na kufahamiana bila ya mkalimani. Lakini kila mmoja akienda darasani kwake hutengwa na mwenziwe kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeizungumza nyumbani. Na wote wawili hukutana tena mbele ya karatasi ya Kiingereza, huyu kwa mtihani mmoja na yule kwa mtihani mwingine, wakiwa na upungufu ule ule.

Wala shauri hilo la kufuata masomo ya walikotoka hatulisuti lote. Wako Warundi waliofika nchini mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao walisoma masomo ya Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 wa makaazi yale wakapewa uraia, vyeti vyao vikikabidhiwa tangu mwaka 2014. Wale walioamua kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008 walikuta taabu nyingine: watoto wao walijua Kiswahili na Kiingereza kidogo, na skuli za kwao zikawataka Kifaransa. Mtoto aliyekuwa mbele darasani Tanzania akawa wa nyuma Burundi, na akili yake ni ile ile. Kilichobadilika ni lugha tu. Basi mwenye kutunga siasa ya skuli za wakimbizi ana kazi nzito, nasi hatumkebehi. Tunachosema ni kuwa lugha yoyote itakayochaguliwa, sharti ifundishwe kwanza ndipo itahiniwe. Na Kiingereza hakiwezi kupuuzwa hata kwa Mrundi: nchi yake iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ya huko ikakifanya Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Iwe kambi imebaki au imefungwa, iwe mtoto amerudi kwao au hajarudi, karatasi hiyo ya mtihani itamfuata.

Sasa tuingie darasani. Tunaomba kila msomaji, hata aliyetoka skuli miaka hamsini iliyopita, afanye mtihani huu mdogo. Kifungu chetu ni sentensi moja:

“Mlupe aliugubila mdofi penye gwepe kabla ya magharibi.”

Swali la kwanza: Nani aliyeugubila mdofi? Swali la pili: Mlupe aliugubila mdofi wapi? Swali la tatu: Aliugubila lini?

Hapana shaka nyote mmeshinda. Mlupe, penye gwepe, kabla ya magharibi. Mmepata tatu kwa tatu. Sasa tunawauliza: Mlupe alifanya nini? Hakuna ajuaye, kwa sababu maneno yale tumeyabuni sisi wenyewe na hayana maana yoyote. Mmejibu bila ya kufahamu hata chembe.

Hivyo ndivyo watoto wetu wengi wanavyofanya mtihani wa ufahamu kwa Kiingereza, Nduta, Kibondo, Wete na Makunduchi. Mwalimu mwenye haraka huwafundisha ujanja: tazama neno lililo katika swali, litafute katika kifungu, nakili sentensi ilipo. Likija swali jepesi, mtoto hupata alama. Likija swali la “kwa nini”, au la “unadhani mwandishi ana maoni gani”, hana pa kushika, kwani neno hilo halimo kifunguni. Hapo ndipo kamba hukatikia. Na mkaguzi akija husema mtoto ni mvivu, au mzazi hakumsimamia. Hapana! Mtoto alifundishwa kuwinda maneno, hakufundishwa kusoma.

Tunajua vile vile kwamba kifungu chenyewe mara nyingine huwa kigumu kwa sababu ya mambo yaliyomo, si kwa sababu ya lugha tu. Mtoto wa Kibondo akipewa kifungu kinachosimulia theluji, au mtoto wa Pemba akisoma khabari ya treni ipitayo chini ya ardhi, atajuaje kuwa amefahamu? Mpeni kwanza kifungu juu ya mihogo ya kambini au juu ya karafuu zilizoanikwa, ajifunze kusoma kwa lugha ile kitu anachokijua. Akishapata nguvu, mpeleke kwenye theluji.

Ama kuhusu sarufi, tunaona kosa jingine. Mazoezi yake yamekuwa ya kujaza nafasi na kugeuza sentensi: ondoa neno hili, weka lile; geuza kauli hii iwe ile. Mtoto hugeuza mia moja bila ya kuuliza sentensi ina maana gani. Wala hakuna anayemweleza kwa nini anakosea pale pale kila siku. Sisi tunaamini makosa mengi ya watoto wetu si ya ujinga. Yana sababu, na sababu yenyewe imo katika lugha yao wenyewe. Tutataja machache.

Kwanza, sisi tunasema “yeye” kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza hutenga *he* na *she*. Mtoto anayeandika juu ya mama yake kwa *he* hakumkosea adabu mama, bali ameifuata lugha yake. Aambiwe hivyo, aoneshwe tofauti, na kosa litapungua.

Pili, lugha zetu hazina vineno vile vidogo *a* na *the*. Sisi husema “nimeona kitabu” na “nimekiona kitabu”, na kile “-ki-” humwambia msikilizaji kuwa tunazungumza juu ya kitabu kinachojulikana. Mwalimu anayejua jambo hili ana daraja la kumvushia mtoto. Asiyelijua humpiga kwa fimbo ya kalamu nyekundu.

Tatu, kwetu mtu husema “nimefika jana” na hakuna anayemsuta. Kwa Kiingereza, wakati ule wa “nimefika” haukubali kukaa pamoja na neno “jana”. Hili ni kosa la kila mwaka katika karatasi za mitihani, na huenda mtoto akamaliza skuli asielezwe sababu yake.

Nne, na hili ni la khatari zaidi katika ufahamu. Ukimwuliza mtoto wa Kiswahili, “Hukwenda skuli jana?” naye hakwenda, atajibu “Ndiyo,” yaani ni kweli sikwenda. Mwingereza kwa swali lile lile hujibu *No*. Basi mtoto aliyefahamu kifungu sawasawa huandika jibu lililo kinyume, na huhesabiwa hakufahamu.

Tano, saa. Kifungu kikisema chombo kiling’oa nanga *at seven o’clock in the morning*, mtoto husoma “saba” na mawazo yake huenda kwenye saa saba ya mchana, hali kwa hesabu yetu ni saa moja ya asubuhi. Ataliona neno *morning* na litamchanganya zaidi. Dakika moja ya maelezo ingetosha kumwokoa.

Na yako mambo ambayo lugha yetu humsaidia mtoto, lakini hatuyatumii. Kauli ya kutendwa huwatisha watoto mno inapokuja kwa jina lake la kigeni. Lakini mtoto wa miaka mitano wa Kiswahili husema “nimepigwa”, “kimeliwa”, “tumeitwa”. Kauli hiyo anayo mdomoni tangu hajajua kuandika! Angeambiwa tu kuwa Waingereza nao wana njia yao ya kusema “kimeliwa”, hofu yake ingekwisha nusu.

Tukirudi visiwani, tunaona uchungu wa namna ya peke yake. Mwaka 1930 ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na cha skuli ilikuwa ya Unguja. Maneno yetu yakaenda bara yote, hadi Kibondo na Kasulu, yakawa lugha ya darasani. Leo mtoto wa Unguja aliyewapa wenziwe lugha ya kusomea hukaa mbele ya karatasi ya sayansi akiwa bubu, kwani karatasi imemjia kwa lugha nyingine. Mwenye kisima amekufa kwa kiu.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamuru hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano. Nia ilielezwa kuwa njema: mtoto asishtuke afikapo Kidato cha Kwanza. Lakini kumvuta mtoto maji ya kina akiwa mdogo zaidi si kumfundisha kuogelea. Wapi walimu wa Darasa la Tano waliokuwa wakikisema Kiingereza kwa ufasaha? Wapi vitabu vya hadithi nyepesi? Mtoto akajikuta anakosa vitu viwili kwa mpigo: hakupata hesabu, na hakupata Kiingereza.

Bara mambo hayakuwa mema zaidi. Mwaka 1982 Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hata katika skuli za sekondari. Mwaka uliofuata Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika skuli za Tanzania wakakuta kuwa wanafunzi walio wengi hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Mtu angetazamia kuwa baada ya kuona hivyo, moja katika mawili lingefanywa kwa ukamilifu: ama lugha ibadilishwe, ama Kiingereza kifundishwe kwa nguvu mpya tangu chini. Mradi wa kukiimarisha Kiingereza ulikuja na kupita, na miaka ikapita pia. Kisha yakaja matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwezi wa Februari 2013: takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri. Serikali ikaunda tume, na matokeo yakapangwa upya mwaka huo huo. Hatusemi lugha ndiyo sababu ya pekee. Uhaba wa walimu, wa vitabu na wa maabara vilikuwamo. Lakini mtoto asiyefahamu swali hawezi kusaidiwa na maabara.

Wako watakaotujibu. Wa kwanza watasema: “Ninyi mnachukia Kiingereza, mnataka watoto wa maskini wabaki na Kiswahili, hali wa matajiri wanasoma skuli za kulipia.” Tunajibu kuwa hatuchukii Kiingereza. Tunakitaka, na tunakitaka kwa kila mtoto, si kwa mwenye fedha tu. Lakini kufundisha Kiingereza ni jambo moja, na kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameieleza tofauti hiyo kwa miaka mingi, na wenye mamlaka wamesikia bila ya kusikiliza. Mtu hajifunzi kushona kwa kuvishwa nguo.

Wa pili watasema: “Basi Kiingereza kiondolewe katika mitihani, liwe somo la khiari.” Nao hatukubaliani nao. Bahari yetu ni ya biashara na wageni, na mtoto wa Nduta ana Jumuiya nzima mbele yake. Kumnyima Kiingereza ni kumfungia mlango. Tunachotaka ni mlango wenye ngazi ya kupandia, wala si ukuta unaoitwa mlango.

Kwa hiyo sisi tunadai mambo haya, na tunaomba kila tawi liyajadili.

Kwa Serikali zote mbili tunasema: mtoto afundishwe hesabu na sayansi kwa lugha anayoifahamu hadi hapo Kiingereza chake kitakapopimwa na kuonekana kimetosha. Walimu wa Kiingereza wasomeshwe upya, wasemeshwe lugha, si wapewe semina ya siku mbili na posho. Kila skuli ya msingi, ya mjini na ya shamba, ipate sanduku la vitabu vyepesi vya hadithi. Sarufi haiingii kichwani kwa kujaza nafasi peke yake. Huingia mtu anaposoma sana vitu vyepesi, akakutana na sentensi ile ile mara mia mahali mbali mbali.

Kwa watunga mitihani tunasema: punguzeni maswali ya kuwinda maneno, ongezeni ya kufahamu. Vifungu viwe vya dunia wanayoijua watoto walio wengi. Na katika masomo mengine, mtoto aliyeonesha kuwa anaijua sayansi asinyimwe alama kwa sababu ya *a* na *the*.

Kwa wanaoshughulikia wakimbizi tunasema: mtoto asichaguliwe lugha kwa hesabu ya siku atakayorudishwa. Mpango wa kuwarejesha Warundi ulianza mwaka 2017. Wengi walirudi, na wengi walibaki miaka mingi baada ya hapo. Mtoto huwa na umri wa Darasa la Tano mara moja tu maishani, hawezi kungoja hadi wakubwa wakubaliane. Afundishwe vizuri hizo lugha zilizomo katika ratiba yake, na cheti atakachokipata kitambulike pande zote mbili za mpaka. Cheti kisichotambulika ni karatasi ya kufungia njugu.

Na kwa wanachama wenzetu tunasema: tusingoje. Kila tawi letu lina baraza, na kila baraza lina mtu mmoja aliyesoma, awe karani mstaafu, mwalimu, muuguzi au kijana wa chuo. Tuanzishe saa moja ya kusoma, siku mbili kwa wiki, baada ya alasiri kabla ya magharibi. Hatuhitaji fedha za mfadhili. Mtaratibu mmoja asome kifungu kifupi kwa sauti, mara mbili. Watoto wafunge madaftari, kisha wasimulie kwa Kiswahili walichokifahamu. Hapo tutajua mara moja nani amefahamu na nani anawinda maneno, kwani maneno yasiyofahamika hayatafsiriki. Kisha ndipo wajibu maswali kwa Kiingereza. Mwisho wachukue kosa moja tu la sarufi lililojitokeza siku ile, walinganishe na Kiswahili, waone njia zinapoachana. Kosa moja kwa siku linatosha. Kwa mwaka mmoja ni makosa mia, na mtoto aliyeyashinda makosa mia hana mtihani wa kumtisha.

Wala isisemwe kuwa saa hizo ni za watoto wa chama. Mlango uwe wazi kwa mtoto wa kila mtu, hata wa yule anayeirarua karatasi hii akiiona. Mtoto hana kadi.

Watoto wa Nduta walipokosa darasa walikaa chini ya mti wakasoma, kwa mwalimu asiye na mshahara na ubao uliolowa mvua. Sisi tuna mapaa juu ya vichwa vyetu, mabaraza yetu yana mikeka, na bado twalalamika kuwa hatuna nyenzo. Tuone haya kidogo. Kudai haki kwa Serikali ni wajibu wetu na hatutauacha, lakini mtoto wa mwaka huu atafanya mtihani mwaka huu.

Katibu wa kila tawi anaombwa alete jibu kabla ya kikao kijacho: mmeanza siku gani, nani anasomesha, na watoto wangapi wamekaa mkekani.